Udongo wa Anti Jerotich

Mara ya kwanza Anti Jerotich kuingia nyumbani kwa Theresia, hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba kwapani, akageuka polepole mzunguko mzima kama mtu aliyeingia ofisi siyo, kisha akauliza kwa sauti ambayo haikukusudiwa kuwa ya siri:

"Rufus, kwani hapa hakuna kitu inapumua?"

Theresia alikuwa karibu kujibu kwamba wapo watu watatu, na kwamba ndani ya jokofu kuna mtindi wenye bakteria hai wasiohesabika. Rufus alimkanyaga mguu.

Haikuwa dharau, kwa kweli. Ilikuwa taarifa sahihi. Fleti ya Theresia, hatua chache kutoka stesheni ya Blacktown, haikuwa na paka, haikuwa na ua hata la plastiki, na makopo ya viungo jikoni yalipangwa kwa alfabeti. Mwenyewe alikuwa mchunguzi wa maabara katika kiwanda cha sosi huko Wetherill Park. Kazi yake ilikuwa kutafuta vijidudu katika chupa za pilipili na nyanya, na akivipata, kuzuia mzigo mzima usitoke. Kwa maneno mengine, alilipwa mshahara kuhakikisha kwamba hakuna kinachopumua.

Hukumu ilifika siku ya pili, Rufus akiwa ndiye tarishi.

"Amesema wewe ni msichana mzuri. Umesoma, uko na adabu. Lakini nyumba yako ni kama pale watu hungoja daktari wa meno. Ati mtu hajawahi kuweka hata sukuma wiki moja hai, ataweka bwana hai?"

"Mume si sukuma."

"Nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema sukuma ni rahisi."

Jambo hilo lingeweza kuishia kwenye kicheko kama Anti Jerotich angekuwa shangazi wa kawaida, wa kuonekana Krismasi na kupotea. Lakini Rufus alifiwa na wazazi akiwa mdogo, na huyu, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyemlea Eldoret, akamsomesha, akatangulia Sydney, akamwita na kumsukuma mpaka akawa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Rufus alishasema mara moja, bila kupandisha sauti, kwamba Anti akisema la, yeye hataoa. Theresia hakumlaumu. Aliichukua kauli hiyo kama alivyochukua kanuni yoyote ya kazini: ipo, na mtu hufanya kazi ndani yake. Wageni wa upande wa Rufus walikuwa waje mwisho wa mwezi uliofuata. Wakenya waliita ziara hiyo kujulishana. Watanzania, watu wa Theresia, waliiita posa. Kwa jina lolote, la ya Anti ilitakiwa iwe ndiyo kabla ya siku hiyo.

Theresia hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mtu wa kuthibitisha. Kama hoja ilikuwa kwamba hawezi kutunza kitu hai, jibu lilikuwa kutunza vitu hai vingi kwa pamoja, ndani ya kioo, mahali ambapo kila mtu angeviona. Alisoma. Kwa wiki nzima alisoma kuhusu matangi ya samaki yenye mimea, akachagua njia iliyomvutia kwa kuwa ilikuwa na mantiki: chini unaweka tabaka jembamba la udongo wa kawaida, juu yake unafunika kwa mchanga, unapanda mimea mingi tangu siku ya kwanza, unamimina maji, unawasha taa. Mizizi inakula kilicho udongoni, majani yanasafisha maji, na maji yakishatulia ndipo samaki wanaingia. Ukipanga vizuri, tangi linajiendesha lenyewe. Sharti lilikuwa moja: udongo usiwe na mbolea. Mbolea ndani ya maji yaliyotuama hugeuka amonia, na amonia huunguza matamvua ya samaki.

Udongo wa dukani ulikuwa na punje za mbolea katika kila mfuko.

"Tumuombe Anti," Rufus alisema. "Ako na shamba huko nyuma ya nyumba. Atafurahi. Kuombwa kitu anapenda kuliko kupewa."

Hivyo Jumamosi moja wakasimama nyuma ya nyumba ya Anti, upande ule wa Blacktown wenye nyua pana, kati ya mistari ya sukuma, managu na kunde iliyonyooka kama imepigwa rula. Kuku walikuwa kwenye banda lao karibu na geti. Rufus alimvuta Theresia pembeni.

"Leo tafadhali, akisema kitu, usimsahihishe."

"Hata kama amekosea?"

"Hasa kama amekosea."

Anti alikuja kutoka upande wa maboga, jembe mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Mzuri sana," alijibu Anti. Theresia aliliacha lipite.

"Tumekuja kukuomba udongo. Wa kawaida kabisa, usio na mbolea."

"Haina mbolea?" Anti aliegemeza jembe kwenye uzio. "Kwani mnazika mtu?"

"Nataka kupanda mimea ndani ya maji."

"Ndani ya maji."

"Ndiyo. Ikae na samaki."

"Na hao samaki ni wa kukula?"

"Hapana, Shangazi. Wa kutazama."

Anti alimgeukia Rufus kwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ugonjwa wenyewe ulianza lini. Theresia akaeleza. Alieleza amonia, akaeleza matamvua, akaeleza kwa nini udongo maskini ndio unaofaa. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na Anti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sasa mtu atoke kwake, aje mpaka kwangu aombe udongo," alisema kisha, "na mimi nimpatie ile mbaya?"

"Si mbaya, Shangazi. Ni maskini tu."

"Nikipeana udongo maskini, watu watasema maskini ni nani?"

Hata hivyo aliwaonyesha kipande cha ardhi kando ya uzio ambacho hakijalimwa. Theresia akajaza mtungi mdogo wa jemu, akaenda nao nyumbani, akauchanganya na maji na kuuacha siku kadhaa, kisha akapima. Amonia karibu hakuna. Hakuna harufu, hakuna mapovu. Ulikuwa udongo bora kwa ubaya wake. Alimpigia Rufus simu akamwambia alete ndoo moja ya udongo uleule, kutoka palepale.

Rufus aliileta ndoo Jumapili baada ya kanisa, akiwa bado kwenye suruali ya kanisani na viatu vyeupe vipya.

Hapa lazima isemwe kwamba Theresia, akiwa kazini, aliwahi kurudisha lori zima la nyanya kwa sababu sampuli yake ilichotwa kona moja. Aliwahi kumwambia meneja, mbele ya watu, kwamba kupima pipa moja na kusifia mapipa yote ni ushirikina. Lakini Jumapili hiyo aliipokea ndoo, akaona udongo umekuwa mweusi kuliko ule wa mtungini, akakumbuka kwamba mvua ilinyesha wiki nzima, akaridhika. Alipouchekecha alikuta unyoya mmoja. Akawaza: kuku hutembea bustanini. Ilikuwa nadharia nzuri. Harufu nayo ilikuwepo, ila udongo uliolowa una harufu.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu mzuri. Alitandaza udongo, akausawazisha kwa kadi ya benki, akafunika kwa mchanga uliosuguliwa mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi. Aliweka sahani katikati na kumimina maji juu yake polepole ili mchanga usitibuke. Alipanda nyasi ndefu za majini nyuma, mimea ya majani mapana katikati, na juu akaelesha majani madogo ya mviringo. Alitia konokono wachache waliokuja bure na mimea. Taa ilipowaka, Rufus alikaa chini kwenye zulia na kutazama.

"Haki, imetokea poa. Ni kama msitu."

"Ni mfumo," alisema Theresia, lakini alikaa naye pale zuliani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya wiki kuisha, msitu ulianza kutoa mapovu. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa. Harufu ilianza kama yai bichi na kukomaa. Theresia alitia matone ya kipimo kwenye kichupa kidogo cha maji ya tangi. Maji safi yangebaki njano. Haya yaligeuka rangi ya kijani iliyokolea, ile ambayo kwenye karatasi ya rangi iko mwisho kabisa, na baada yake hakuna kitu.

Alitafuta sababu mahali pote isipokuwa mahali ilipokuwa. Alishuku dawa iliyomo kwenye maji ya bomba. Akaipima, haikuwa hiyo. Alishuku taa, akaipunguza. Alishuku mchanga. Kwa jioni moja nzima alimshuku mpangaji wa ghorofa ya juu anayepulizia dawa ya mende. Alibadilisha maji kila siku, ndoo kwa ndoo, mpaka mabega yakauma. Udongo hakuushuku, kwa sababu udongo ulikuwa umepimwa. Konokono walipanda kwenye kioo wakatoka nje ya maji, wakajipanga chini ya kifuniko kama abiria wanaosubiri meli ya kuwahamisha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaendelea vizuri, nacho kilikuwa kinatisha. Mimea ilikua. Nyasi za nyuma zilifika juu na kujikunja, majani mapana yalipanuka kama masikio ya tembo, na siku moja Theresia alirudi kutoka kazini akakuta shina limeinua kifuniko na kuchungulia nje.

Rufus alikuja siku mbili kabla ya ugeni. Alifika mlangoni, akavuta pumzi, akaizuia.

"Theresia, hiyo harufu ni kama ya nyumbani kwa Anti. Pale kwa kuku."

Aliisema bila kufikiri. Kisha alifikiri, na Theresia aliuona uso wake ukifikiri.

"Rufus."

"Mm."

"Ile ndoo. Ilikuwa na udongo wa kando ya uzio peke yake?"

"Ya uzio, eeh. Ilijaa karibu yote."

"Karibu?"

"Si unajua Anti. Hawezi kukupatia kitu hivi hivi bila kuongezea. Hata sokoni akinunua nyanya bila ya nyongeza anaona ameibiwa. Akasema niongeze kidogo juu, isionekane kama ametoa kwa kulazimishwa."

"Uongeze nini?"

Rufus alitazama konokono.

"Mbolea ya kuku."

Theresia alikaa. Hasira haikuja, kilichokuja kwanza kilikuwa aibu ya kitaaluma, safi kabisa, isiyochanganyika na kitu. Alipima mtungi. Hakupima ndoo.

"Na ulinyamaza."

"Nilidhani ni heshima, sio sumu!"

"Nautoa udongo wote leo."

"Usitoe!" Rufus alishika kingo za tangi kwa mikono yote miwili, kama vile lingekimbia. "Anti ameambia kanisa mzima. Ati msichana wa Rufus amekataa udongo ya duka, amekuja kuchukua yake. Anakuja kuona udongo yake, Theresia. Akikuta umeitupa, ametupwa yeye. Na ukimwambia imeharibu maji, mbele ya wazee, hiyo ndiyo imeisha."

"Nitamwambia nini akiuliza mbona hakuna samaki?"

"Mwambie bado hawajafika."

"Hilo ni kweli," alikubali Theresia baada ya kulichunguza. Kunyamaza hakukuwa uongo. Alibadilisha maji mara mbili zaidi, akakata mimea iliyotoroka, akafungua madirisha yote. Asubuhi ya siku yenyewe maji yalikuwa na ukungu kidogo tu, na harufu ilibaki kwa anayeijua. Kichupa cha kipimo kilikuwa kijani kuliko jani.

Upande wa Theresia ulikuwa Mzee Erasmus, Mtanzania aliyekuja kusoma Kensington, hapo hapo Sydney, zamani na hakuondoka tena, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa baba mbadala wa kila binti wa Kitanzania anayeposwa Sydney. Alifika mapema akiwa na fimbo aliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Upande wa Rufus ulikuja na msemaji, Njenga, fundi umeme aliyepewa usemaji kwa kuwa alikuwa na suti. Nyuma yao aliingia Anti Jerotich na gauni la kitenge, mikono yote miwili ikishikilia kitu kilichofunikwa kwa leso.

Njenga alikohoa.

"Wazee wetu, sisi tumetembea mbali, tumepita kwa boma hili, tukaona ua."

"Ua lipi?" Mzee Erasmus aliuliza kwa ukali uliotakiwa. "Humu ndani maua ni mengi."

Njenga aliangaza macho sebuleni. Lilikuwepo tangi, kochi na Theresia.

"Hilo lililovaa bluu," alisema.

Mambo yalikwenda. Soda zikanywewa, sambusa zikasifiwa, Njenga akasahau sehemu ya katikati na kusaidiwa na upande wa pili. Wakati huo wote Anti alikuwa analitazama tangi. Hatimaye alisimama, na wote wakanyamaza, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani alijua kwamba hotuba ya Njenga ilikuwa pambo na hii ndiyo posa.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Nyumbani tungekuja na ng'ombe. Lakini ng'ombe haiwezi ingia kwa lifti. Nikajiuliza, huyu msichana amechukua udongo yangu, ameweka maji, anangoja samaki. Sasa sisi ndio tuje na samaki."

Akaondoa leso. Mikononi mwake ulikuwa mfuko wa plastiki uliojaa maji, umefungwa utepe mwekundu, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya fedha wenye mstari mwekundu ubavuni, wakizunguka wote kwa pamoja kama wazo moja.

"Nitawaweka mimi mwenyewe," alisema Anti. "Wakiishi hapa, basi nimejua."

Rufus alitoa sauti ndogo ambayo Njenga aliidhania kuwa ya furaha.

"Jambo kubwa hili," alisema Mzee Erasmus akiinuka. "Tuombe kwanza."

Wote walifumba macho isipokuwa Theresia na samaki.

Mzee Erasmus hakuwa mtu wa sala fupi. Alianzia uumbaji wa bahari, jambo lililompa Theresia muda wa kupanga hali ilivyo. Samaki wakiingia katika maji yale, wangeanza kuhema juu juu usiku, wageni wakishaaga, na kufa kabla ya asubuhi. Hakuna shahidi ambaye angewaona. Hilo lilikuwa moja. La pili: akimzuia Anti, atakuwa amekataa zawadi ya posa mbele ya wazee, na akieleza kwa nini, atakuwa amemwambia mlezi wa Rufus kwamba udongo wake ni sumu. Alimtazama Rufus. Rufus alikuwa amefumbua jicho moja, na jicho hilo lilikuwa linamsihi. Theresia alijua anachosihiwa: samaki ni wazuri, lakini ni samaki tu, anyamaze. Aliliona jambo hilo kwa uwazi wote. Alimpenda Rufus, hilo lilikuwa ukweli pia, uliopimwa mara nyingi na kutoa jibu lilelile. Lakini mstari mwekundu uliendelea kuzunguka ndani ya mfuko.

"Amina," walisema wote. Anti alivuta utepe.

"Shangazi, usiwamimine."

Mkono wa Anti ulisimama.

"Wakiingia humo watakufa," alisema Theresia.

Mzee Erasmus alishusha fimbo.

"Watakufa kwa nini?" Anti aliuliza polepole.

Theresia hakujua njia nyingine ya kusema jambo. Alichukua kichupa kutoka rafuni, akamkabidhi. "Maji safi ni njano. Haya ni kijani. Ni amonia, inatoka kwenye udongo. Una mbolea."

"Anti, hajamaanisha—" Rufus alianza.

"Nyamaza. Nani aliweka mbolea?"

"Ilikuja na ndoo," alisema Theresia. "Nilikuwa nimepima udongo wa mtungi, ndoo sikuipima. Kosa hilo ni langu. Lakini mbolea ilikuja na ndoo."

Anti Jerotich alijinyoosha mpaka akawa mrefu kuliko alivyokuwa.

"Mimi nilisema kidogo."

"Mimi nilisema hapana kabisa."

Njenga alichukua sambusa, akaishika tu. Rufus aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Katika ukoo wao, baadaye alimweleza Theresia, mtu wa mwisho kumsahihisha Anti Jerotich alikuwa chifu, na alihamishwa.

Anti alitazama kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni kweli," alisema. "Ulisema. Ukanieleza na sababu, nikaona ni maneno ya kitabu."

Alimkabidhi Njenga mfuko wa samaki na mkoba bila kumtazama, akainama mbele ya tangi. Alitazama majani mapana, akatazama mizizi iliyobanwa kwenye kioo, akanusa. Alinusa tena. Alipogeuka, hakumgeukia Theresia.

"Rufus. Hii sio mbolea yangu."

"Ni yako, Anti. Ulisema niongeze—"

"Nilisema uongeze mkono moja ya ile imekaa kwa pipa, huko nyuma ya maboga. Imeoza mwaka mzima, haina harufu, unaweza lalia. Hii ni mbichi. Hii kuku wamekunya juzi! Hata sukuma ukiweka hii inaungua. Ulitoa wapi?"

"Pale... karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu na geti."

"Kwa nini haukuenda kwa pipa?"

Macho ya Rufus yalimsaliti: yalishuka yenyewe mpaka kwenye viatu vyeupe. Anti aliyafuata, na Theresia akayafuata, na wote wawili wakavitazama viatu kwa utulivu uleule.

"Kulikuwa na matope," alisema Rufus.

"Kiasi gani?" Theresia aliuliza.

"Matope?"

"Mbolea. Mkono mmoja?"

"Koleo mbili. Nilitaka ionekane ya heshima."

Anti na Theresia walitazamana. Mzee Erasmus, ambaye amehudhuria posa nyingi, alisema baadaye kwamba hapo ndipo ilipoisha, mengine yalikuwa itifaki.

"Mko na maji safi?" Anti aliuliza, akiwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Ndoo tatu, zimeshaondolewa dawa ya bomba."

"Leta. Njenga, toa saladi kwa hiyo bakuli ya kioo. Kula au mwaga, lakini toa. Rufus, vua viatu."

Samaki walipata makao ya muda katikati ya meza, kati ya sambusa na soda, katika bakuli lililooshwa mara tatu kwa sababu Theresia hakuridhika na mara mbili. Anti alikaa mbele yao, akifuta mikono.

"Mimi nilikuja hapa na la yangu imejaa," aliuambia mkutano. "Nilidhani huyu ni mtu wa karatasi. Lakini angenyamaza, si samaki wangekufa kesho, sisi tuko kwetu, na yeye ameshapata bwana? Rufus, wewe ungenyamaza?"

"Anti, mimi ninge—"

"Ungenyamaza. Basi. Kuoa nimekubali. Tarehe ndio bado. Tarehe ni mpaka hii maji iwe sawa."

Njenga alifungua mdomo, maana mapatano ndiyo aliyojiandalia, lakini Theresia alikuwa ameshasogeza kiti.

"Sawa kwa kipimo gani, Shangazi?"

Anti alionekana kupendezwa na swali. "Wewe sema."

"Udongo utoke, uingie mwingine. Amonia sufuri. Kisha samaki waingie, wakae wiki moja bila tatizo."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili ni bora," Theresia alikubali. "Basi na nitriti pia iwe sufuri."

"Hiyo ni nini?"

"Ni inayokuja baada ya amonia. Nayo inaua."

"Weka na hiyo. Na udongo mpya?"

"Nitaupima wote. Juu, katikati, chini."

"Mimi nitasimama hapo ukipima," alisema Anti.

"Ningependa hivyo."

Rufus, pekupeku kwenye zulia, alikuwa anaigeuza shingo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kila sentensi ilisogeza harusi yake mbele kidogo, na hakukuwa na dalili kwamba wamekaribia kumaliza.

"Mzee," Rufus alimnong'oneza Mzee Erasmus, "hakuna mtu anaweza kuwaambia inatosha?"

"Mimi ni upande wa binti," alisema Mzee Erasmus, akachukua keki.

Hivyo msimu wote wa baridi ulipita, samaki wakiishi bakulini na kubadilishiwa maji kila siku. Udongo wa kwanza ulitolewa na Rufus, kwa mikono. Wa pili ulipimwa juu, katikati na chini, Anti akiwa amesimama. Kila asubuhi, kabla Theresia hajapanda basi la Wetherill Park, simu iliita, na Anti hakusalimia.

"Rangi gani?"

"Njano yenye kijani."

"Bado."

"Bado," alisema Theresia, na kila mmoja akaenda kazini kwake akiwa ameridhika.

Jumapili moja kichupa kilitoka njano. Theresia alikiweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, akakiangalia kutoka pande zote. Anti, ambaye haamini picha za simu, alipanda basi akaja, akavaa miwani, akakiinua. Rufus alisimama nyuma yao na ndoo.

"Mimi naona njano," alisema.

"Wewe hukuulizwa," alisema Anti. Alikigeuza kichupa kwenye mwanga mara ya mwisho. "Ni njano."

"Ni njano," alisema Theresia.

Waliwamimina samaki pamoja, polepole, kikombe kwa kikombe, ili wazoee maji. Samaki walishuka kati ya majani, wakatulia, wakaanza kudonoa mchanga kana kwamba hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili yao. Rufus aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu mvumilivu, na uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

"Sasa hizo wiki mbili," alisema, "zinaanza kuhesabiwa leo?"

Wanawake wawili waligeuka.

"Kesho," walisema.